Kuishi na Mashine ya CPAP Mombasa, Mwaka Baada ya Mwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye ameshapimwa apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi akiwa amelala, ameshapewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge, na sasa ana miaka mbele yake ya kulala nayo katika mji wa joto, chumvi na stima ya kukatikakatika. Uamuzi wa dawa na wa kiwango cha hewa ubaki kwa daktari. Yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, yako mikononi mwako na mwa watu wa nyumbani kwako.

## Mambo ya msingi

Apnea ya usingizi ni nini hasa? Si kukoroma tu?

Kukoroma ni sauti. Apnea ni pumzi kukatika. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye apnea ya kuziba, ulimi na nyama laini za nyuma ya koo huangukia njia ya hewa mpaka ikajifunga. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Aliyelala kando yake ndiye anayekumbuka.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Pumzi zilizokatika na zile zilizopungua sana hujumlishwa, zikagawanywa kwa saa za usingizi, na hesabu hiyo huitwa AHI. Kuanzia 5 hadi 14 kwa saa ni apnea nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 kwenda juu ni kali. Mwenye AHI ya 40 hukatika pumzi kila baada ya dakika moja na nusu usiku kucha.

Mashine inanipa oksijeni?

La. Inavuta hewa ileile ya chumbani kwako, inaichuja, inaisukuma puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, na hewa hiyo inashikilia koo lisijifunge, kama upepo unavyoshikilia tanga. Njia hii ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, na ikachapishwa mwaka 1981. Msukumo wa hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20.

Tunasema "msukumo" kwa makusudi. Ukimwambia mtu "presha yangu ni 12" atadhani ni presha ya damu, na mkanganyiko huo huingia hata kwenye vyumba vya wauguzi.

Nitaitumia mpaka lini?

Ifikirie kama miwani: inafanya kazi ukiwa umeivaa. Ukiiacha, apnea hurudi ndani ya siku chache, wakati mwingine usiku uleule.

Wapo wanaoacha kwa haki. Aliyepungua uzito sana, aliyetolewa mafindofindo makubwa, au mwenye apnea nyepesi iliyotulia kwa kulala ubavu. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya tirzepatide kwa apnea ya wastani na kali kwa watu wenye unene uliokithiri. Lakini kila njia kati ya hizi hupitia mlango mmoja: unapimwa upya usingizini bila mashine, matokeo yanasomwa, ndipo unaacha. "Najisikia vizuri" si kipimo, kwa sababu unajisikia vizuri kwa kuwa unaivaa.

Saa ngapi kwa usiku zinatosha?

Saa zote unazolala, pamoja na usingizi wa adhuhuri. Saa 4 unazozisikia zikitajwa ni kipimo cha bima za Marekani cha kuamua kama mtu anaitumia mashine. Si lengo la tiba. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia watu zaidi ya 2,700 wenye apnea na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. CPAP haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi, na watumiaji walikuwa wakiivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Hata hivyo, kusinzia mchana kulipungua na hisia zao za kila siku zilikuwa bora.

Angalia pia ni saa zipi unazozikosa. Usingizi wa ndoto huja zaidi nusu ya mwisho ya usiku, na ndio wakati misuli ya koo hulegea kupita kiasi. Anayeivua saa 9 usiku anaivua pale anapoihitaji kuliko wakati wowote.

## Barakoa

Shida nyingi zinazoletwa kama "mashine imeharibika" huwa ni barakoa. Anzia hapa kabla hujampigia simu fundi.

Hewa inavuja machoni usiku. Nikaze kamba?

Mara nyingi jibu ni kulegeza. Mto wa silikoni unaogusa uso una ngozi mbili. Ile nyembamba inayogusa uso hujaa hewa na kujibandika yenyewe. Ukikaza sana unaikandamiza ngozi hiyo, inakunjika, na hewa inapata mlango.

Fanya hivi. Nawa uso kwa sabuni, kausha. Lala chali kama unavyolala usiku, usifanye ukiwa umekaa, maana nyama za uso hukaa tofauti. Legeza kamba zote, washa mashine mpaka ifike msukumo kamili, kisha ivute barakoa mbali na uso kidogo na uirudishe polepole ili silikoni ikae. Kaza kamba za chini kwanza, halafu za juu, kushoto na kulia kwa pamoja, hatua ndogondogo, ukome mara tu uvujaji unapokoma. Kidole kimoja kipite chini ya kamba. Halafu geuka ubavu na upitishe kiganja kilicholowa kuzunguka ukingo: pale hewa inapotoka utasikia baridi. Upepo unaotoka kwenye vitundu vya mbele usiuzibe, huo ndio unaotoa hewa chafu uliyopumua.

Kama barakoa ilikaa vizuri mwaka jana na sasa inavuja kila usiku, mto umechoka. Uinue dirishani kwenye mwanga. Silikoni nzima ni angavu na hurudi ukiibonyeza. Iliyochoka ina rangi ya chai ya maziwa, inateleza kwa mafuta hata baada ya kuoshwa, na ukingo wake umelegea kama sikio la mbuzi.

Nina ndevu. Lazima ninyoe?

Hapana. Barakoa ya pua na mdomo ndiyo inayopita juu ya ndevu na kuvuja. Jaribu ile ya vijiti viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua, au ile inayokaa chini ya pua tu. Sharubu zipunguzwe ukingoni mwa mdomo wa juu, inatosha. Ila kama unapumua kwa mdomo usingizini, soma kwanza jibu la mdomo mkavu hapa chini.

Misuko, mafuta ya nazi, mtandio wa kulalia?

Mafuta ndiyo adui. Mafuta ya nazi, losheni na krimu za usiku hulainisha silikoni na kuifanya iteleze. Paka mapema jioni, au acha eneo linaloguswa na barakoa bila kitu. Misuko mikubwa hubadilisha urefu wa kamba, basi kila unaposuka upya panga kamba upya. Mtandio mwembamba wa pamba unaweza kuvaliwa chini ya kamba, mradi usiingie kati ya silikoni na ngozi.

Mwanzi wa pua umetoka kidonda na alama nyeusi.

Barakoa imekazwa mno au ni kubwa mno. Ngozi ikishavunjika, pumzisha sehemu hiyo kwa kutumia barakoa ya aina nyingine isiyogusa mwanzi, siku 5 hadi 7, na urekebishe kama ilivyoelezwa juu. Alama nyeusi hufifia kwa miezi, na krimu za kung'arisha ngozi hazifai hapo: zinadhoofisha ngozi inayobeba uzito kila usiku. Kwa matumizi ya muda mrefu tunapendelea mtu awe na barakoa mbili za maumbo tofauti, azipokezane, ili uso usibanwe mahali palepale miaka yote.

Naamka mdomo mkavu kama gome.

Hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Tazama pua kwanza: iliyoziba hulazimisha mdomo ufunguke. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa na maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja, kwani vijidudu vya maji mabichi ni vya hatari vikipanda puani. Mafua ya mzio yanayodumu yanahitaji dawa ya daktari ya kupuliza puani. Ikishindikana, hamia barakoa ya pua na mdomo. Gundi ya kufunga mdomo tunaikataza kwa mtu yeyote anayeweza kutapika usiku, anayekunywa pombe au mwenye pua ya kuziba.

Naivua usingizini bila kujua.

Chunguza kwa mpangilio huu: uvujaji, pua, kisha msukumo. Mashine inayoanza na 4 humfanya mtu mzima ajihisi anakosa hewa. Mwombe mtaalamu apandishe mwanzo hadi 6 au 7. Na ukishtuka saa 8 usiku ukaikuta kando ya mto, ivae tena. Usiseme usiku umekwisha.

## Maji, chumvi na joto

Nitie maji gani kwenye chombo cha maji, kile kinachotia unyevu kwenye hewa ya mashine?

Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakatoneshwa upya. Uliza famasi. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Kisauni yana chumvi, na hata ya mkokoteni huwezi kujua yametoka wapi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi na chokaa hubaki, tena huzidi kukolea. Utaona duara jeupe kwenye bamba la chuma chini ya chombo. Duara hilo likinenepa bamba halipashi vizuri, na mwishowe huliwa na kutu.

Maji ya betri ya kwenye vituo vya petroli yaache. Hayakutengenezwa kwa pafu la mtu, na chupa zake hukaa rafu moja na asidi. Ukikwama usiku mmoja, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, na asubuhi chombo kioshwe.

Maji ya jana humwagwa. Kujaziliza juu ya yaliyobaki ndiko kunakoleta utelezi wa waridi pembeni mwa chombo.

Kwa joto la Mombasa, nahitaji kweli chombo cha maji?

Wengi wanaolala kwa panka na madirisha wazi hawahitaji, au wanahitaji kiwango cha 1 au 2 tu. Hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, hasa masika. Hali hugeuka ukilala na AC, ambayo hukausha chumba. Jaribu wiki moja bila maji: kama pua haikauki wala haitoki damu, umeokoa umeme, maji na kazi ya kuosha. Ukipanda Nairobi mwezi Julai, utakihitaji.

Maji yanabwabwaja kwenye mrija na kunirukia usoni.

Hewa vuguvugu yenye unyevu imekutana na mrija wa baridi. AC iko 18, au panka linaupiga mrija moja kwa moja. Punguza kiwango cha unyevu kwa hatua moja, pandisha AC hadi 24 au 25, pitisha mrija chini ya shuka, na weka mashine chini kuliko kichwa chako ili maji yarudi kwenye chombo. Mrija wenye waya wa joto humaliza shida hii, ila hula umeme zaidi.

Niioshe vipi, na mara ngapi?

Kila asubuhi: mto wa barakoa kwa maji vuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo isiyo na manukato, usuuze mpaka usisikie utelezi, ukauke kivulini. Chombo cha maji kimwagwe na kukaushwa. Kila wiki: mrija ujazwe maji ya sabuni, utikiswe, usuuzwe, uning'inizwe ncha zote chini. Mrija wenye waya wa joto usilowe sehemu zake za umeme. Kamba zioshwe kwa mkono. Jua kali la mchana huipasua silikoni na kulegeza kamba, kwa hiyo usianike darini.

Kila mwezi, au duara jeupe linapotokea: siki nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 10, nusu saa ndani ya chombo, kisha suuza sana. Jik, Dettol na spiriti ziache kabisa. Mashine za kusafishia kwa gesi ya ozoni pia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2020.

Filta inageuka nyeusi kwa wiki mbili.

Kwenye kitabu cha mashine utakuta mwezi mmoja, au miezi hadi 6 kwa baadhi. Hapa kwetu itazame kila wiki na ubadilishe ikishakuwa ya kijivu. Mchana pigo ni vumbi la barabara, usiku ni moshi. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani, makaa ya chetezo: mashine inavuta yote na kuyapeleka kifuani kwa nguvu, na filta huzuia vumbi, haizuii harufu wala gesi. Fukizeni jioni, fungueni madirisha, mlale moshi umekwisha. Dawa ya kupuliza ya mbu ipigwe saa moja kabla. Filta nyeupe nyembamba hazioshwi. Ukiiosha, nyuzi zinafunguka na inapitisha kila kitu.

Neti, mende na sisimizi?

Mashine ikae nje ya neti, juu ya kijimeza, si sakafuni, na si chini ya dirisha linaloelekea baharini. Mrija upite chini ya ukingo wa neti, ukingo uchomekwe godoroni pande zote za mrija. Mchana, ncha ya mrija izibwe kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa mpira wa pesa. Mende hupenda mahali penye joto na unyevu, na mrija una vyote viwili. Kabla ya kuvaa usiku wa kwanza baada ya safari, washa mashine na uache hewa yake ipulize kwenye kiganja sekunde chache.

## Stima

Stima ikipotea nikiwa nimeivaa, nitakosa hewa?

La. Barakoa ya pua na mdomo ina kilango kinachojifungua hewa ikikoma. Ya pua inakuachia mdomo. Wengi huamka wenyewe. Iondoe, lala ubavu ukiwa umeinua kichwa na kifua kwa mito, na usinywe kitu cha kulevya kujipatia usingizi. Usiku mmoja si msiba. Kama hupotea kila wiki, nunua betri. Na wenye mita ya tokeni, tazameni salio kabla ya kulala.

Betri ya ukubwa gani?

Hesabu wati mara saa, upate wati-saa. Mashine bila kipasha maji hula takriban wati 10 hadi 30, kutegemea msukumo. Ukiwasha kipasha maji na mrija wa joto, inaweza kufika 50 hadi 90. Betri ya gari ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini aina hiyo ya risasi na asidi usiimalize chini ya nusu, basi una 600. Kwa wati 25 kwa saa 8 unatumia 200: usiku mbili kwa uhakika, huenda na wa tatu. Kwa wati 70 unatumia 560, usiku mmoja tu, na ndiyo sababu usiku wa stima kukatika huzimwa kipasha maji.

Soma kibandiko cha adapta yako. Mashine nyingine ni za volti 12, nyingine 24. Tumia kigeuzi cha volti kilichotengenezwa kwa mashine hiyo. Ukilazimika kutumia inveta, iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Na stima ikirudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo kifaa cha kuchelewesha umeme, kile cha friji, kiwekwe kati ya soketi na adapta.

## Kusoma takwimu za mashine

Nitazame nini?

Vitu vitatu: saa, uvujaji, AHI. AHI chini ya 5 ndiyo tunayoitaka. Uvujaji ndio wa kwanza kusomwa, kwa sababu ukiwa mkubwa mashine huhesabu vibaya na AHI haiaminiki. Kwenye mashine za ResMed mstari wa kutazama ni lita 24 kwa dakika. Usiku mmoja mbaya hauna maana. Tazama wastani wa siku 7 na wa siku 30. Kadi ya kumbukumbu ibaki ndani ya mashine, na mpelekee daktari kila mnapoonana.

Mashine inaonyesha pumzi za "njia wazi". Nini hizo?

Koo liko wazi lakini ubongo haukutoa amri ya kuvuta hewa. Chache ni kawaida, na miezi ya kwanza huongezeka kisha hupungua zenyewe. Zikibaki nyingi baada ya miezi 2 au 3, au zikianza ghafla baada ya miaka ya utulivu, muone daktari: huenda ni moyo, huenda ni dawa za maumivu kama tramadol na mofini. Kuongeza msukumo mwenyewe hapo huzidisha tatizo.

## Maisha ya kila siku

Ramadhani nifanyeje?

Usingizi hukatika vipande viwili: baada ya tarawehe mpaka daku, na baada ya Alfajiri. Wengi huvaa kipande cha kwanza na kusahau cha pili. Vaa vyote. Mashine nyingi huhesabu siku kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri, hivyo vipande vyako vitajumlishwa pamoja. Usile daku ukalala papo hapo. Tumbo lililojaa na hewa inayosukumwa huleta gesi na kiungulia.

Kama mvuke wa chombo cha maji unafunguza, hilo ni la sheikhe wako kulijibu. Tunachoweza kumsaidia nacho ni maelezo: mashine inasukuma hewa ya chumbani, na chombo cha maji kinaweza kuondolewa kabisa kwa kipande cha mchana. Dawa za kupuliza puani zinaweza kupangwa baada ya futari na kabla ya imsaki.

Mimi ni dereva. Naweza kuendesha?

Ukiwa umetibiwa na husinzii, ndiyo. Ukiwa hujatibiwa na unasinzia, hapana, na hili hatulipunguzi makali. Dereva wa trela anayetoka bandarini kwenda Malaba anabeba roho za wengine. Dalili si kufumba macho tu. Ni kutokumbuka kilomita za mwisho, kutoka nje ya mstari, kupita kituo ulichokusudia. Muguka, miraa na kahawa huficha usingizi bila kuuondoa, na zikishapita usingizi huanguka wote kwa pamoja. Ukiikosa mashine usiku, kesho yake usiwe wa safari ndefu. Walalao kwenye kebini, mashine ya volti 24 huendana na umeme wa malori mengi kupitia kebo yake maalumu.

Kusafiri nayo?

Mwaga maji na utoe chombo kabla ya kuinua mashine. Maji yakimwagikia kwenye mota huua mashine. Kwenye ndege iingie nawe ndani, isiende na mizigo, pamoja na barua ya daktari. Betri ya litiamu hadi wati-saa 100 huruhusiwa ndani, 100 hadi 160 kwa kibali cha shirika la ndege. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko wa Nairobi. Za zamani zina mpangilio wa mwinuko wa kubadilishwa kwa mkono. Kwa safari ya Nairobi, treni ya SGR ya mchana kutoka Miritini ni afadhali kuliko basi la usiku, kwani usiku utaulalia kitandani.

## Miaka ikienda

Lini msukumo ubadilishwe?

Uzito ukipanda au kushuka kwa asilimia 10, baada ya hedhi kukoma, ukianza dawa za usingizi au za maumivu makali, ukipata maradhi ya moyo, au ukoromaji na uchovu vikirudi. Kama hakuna lolote, mara moja kwa mwaka takwimu zisomwe. Kabla ya kubadilisha chochote, ondoa uvujaji.

Vipuri ni ghali. Kipi kisisubiri?

Filta na mto wa barakoa. Watengenezaji husema mto ubadilishwe kila mwezi, mrija kila miezi 3, kamba na chombo cha maji kila miezi 6. Kwa uangalifu mto hufika miezi 3 hadi 6, kamba mwaka, mrija mwaka kama hauna tundu (uzibe ncha moja, puliza, usikilize). Mtu akisafiri kwenda nje, mwagize mito miwili ya akiba na filta za mwaka mzima.

Mashine huishi miaka mingapi? Na za mtumba?

Miaka 5 hadi 7. Hewa ya chumvi hula pini za umeme, hivyo ifunike mchana kwa kitambaa, isiwe nailoni inayozuia unyevu kutoka. Kelele mpya ya mluzi, harufu ya kuungua, au joto kwenye adapta ni sababu za kuizima siku hiyo.

Kwa mtumba, washa uangalie jumla ya saa: saa 20,000 ni karibu miaka 7 ya usiku wa saa 8. Badilisha barakoa, mrija, filta na chombo. Ulizia namba ya mashine kwa mtengenezaji, kwani Juni 2021 Philips Respironics ilitangaza kuziondoa sokoni mashine nyingi, DreamStation za kwanza zikiwemo, kwa sababu povu la kuzuia kelele ndani yake lilikuwa likimomonyoka na kuingia kwenye hewa. Joto na unyevu huharakisha mmomonyoko huo, na hapa tuna vyote viwili. Usitumie mipangilio ya mwenye mashine wa zamani.

## Hali za pekee

Nafanyiwa upasuaji. Mwambie daktari wa nusu kaputi siku ya kwanza, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Beba mashine yako, barakoa na adapta, ukaivae mara baada ya kuamka na kila unaposinzia wodini. Dawa za maumivu na kulala chali huifanya apnea iwe kali kuliko kawaida yake.

Nina kifaa cha moyo, au mke wangu anacho. Barakoa nyingi zina sumaku kwenye vifungo. Sumaku hizo zinatakiwa zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na hilo linamhusu pia anayelala kifuani pako. Chagua vifungo vya plastiki.

Moyo wangu ni dhaifu na nimependekezewa mashine ya ASV, ile inayobadilisha msukumo pumzi kwa pumzi. Kwa mwenye moyo unaosukuma damu chini ya kiwango, ulizia kipimo chako cha moyo kwanza. Utafiti wa mwaka 2015 uitwao SERVE-HF uliona vifo vya moyo vikiongezeka kwa wagonjwa wa aina hiyo waliotumia ASV kwa apnea inayotoka kwenye ubongo. CPAP ya kawaida ni jambo jingine.

Mtoto anakoroma na kukatika pumzi. Usimvalishe barakoa ya mtu mzima. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa watoto wengi chanzo ni mafindofindo, na matibabu huanzia hapo.

Mzee wetu amefariki. Mashine yake tumpe nani? Toeni kadi ya kumbukumbu na mfute taarifa zake, mtupe barakoa, mrija, filta na chombo cha maji, mpanguse mwili wa mashine. Kisha ipelekeni kwa daktari aliyekuwa akimtibu, pamoja na adapta, kibandiko cha saa zilizotumika na kitabu chake. Yeye ndiye anayejua ni mgonjwa gani amepimwa na anasubiri.